Ukimwita mkaguzi wa milango, usimkabidhi funguo zote za nyumba

Mnamo Mei 2023, kampuni ya magari ya Toyota ilijitokeza hadharani na kukiri jambo ambalo lingefaa kuwashtua hata watu wasiomiliki gari. Habari za wateja wake wapatao milioni 2.15 nchini Japani, zikiwemo za mahali yalikokuwa magari yao, zilikuwa zimekaa wazi mtandaoni tangu Novemba 2013 hadi Aprili 2023. Hakuna mwizi aliyevunja kufuli. Hakuna mdukuzi aliyekesha akibuni hila. Mpangilio uliostahili kuwa wa faragha ulikuwa umewekwa wazi, na miaka karibu kumi ikapita pasi na mtu kurudi kutazama.

Baada ya aibu hiyo, Toyota iliahidi kuanzisha utaratibu wa kukagua mipangilio ya mitambo yake na kuifuatilia bila kukoma. Ilipopanua uchunguzi wake, mwezi uo huo haukuisha kabla ya kutangaza kwamba imegundua mianya mingine. Naam, aliyeanza kutazama aliona. Swali linalonishughulisha ni hili: nani atazame, atazame kwa ufunguo gani, na akishaona, nani atainuka kuuziba ufa?

Swali hili si la Wajapani pekee. Vyuo vyetu, shule zetu, hospitali zetu, vyama vyetu vya ushirika na hata wizara za serikali zimeanza kuhamishia kumbukumbu zao katika kile kinachoitwa wingu. Pamoja na uhamaji huo yamezuka makampuni ambayo kazi yake ni kukagua mipangilio ya wingu la mteja na kumwonyesha kasoro. Mteja huunganisha akaunti yake na huduma hiyo, na baada ya muda mfupi huletewa orodha ya milango aliyoiacha wazi. Biashara hii imenona mno. Mnamo Machi 2025, Google ilitangaza nia ya kuinunua kampuni moja ya aina hii, Wiz, iliyoundwa mwaka wa 2020 tu, kwa dola bilioni 32.

Mimi ninauunga mkono ukaguzi huo. Hata hivyo, nashikilia kwamba kuunganisha akaunti na huduma ya ukaguzi ni tendo la kumkabidhi mtu ufunguo, na kwamba anayekabidhi ufunguo hajakabidhi dhamana. Taasisi nyingi huyachanganya mambo haya mawili, na katika mchanganyiko huo ndimo zinamozaliwa hasara.

Tuanze na lile neno lenyewe, wingu. Neno hili limewapotosha wengi wakadhani data huelea angani. La hasha! Data hukaa katika majumba makubwa yaliyojaa tarakilishi, kama yale ambayo Amazon ilifungua Cape Town mwaka wa 2020. Anayekodi nafasi humo ni mfano wa mpangaji katika jumba la ghorofa. Mwenye jumba huhakikisha kwamba kuta ni imara, umeme haukatiki, na walinzi wapo langoni. Lakini mlango wa chumba ni wa mpangaji. Akilala bila kuufunga, hawezi kumlaumu mwenye jumba asubuhi. Makampuni yote makubwa ya wingu yameliandika sharti hili waziwazi katika masharti yao: wao hulinda jumba, mteja hulinda alichokiweka ndani.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika biashara hii, mchukuzi ni kampuni ya wingu, na pakacha likivuja yeye hapotezi tone. Anayepoteza ni mwenye mali. Na zaidi ya mwenye mali, anayepoteza ni yule ambaye habari zake zilitiwa pakachani bila hata kuulizwa: mwanafunzi, mgonjwa, mkulima aliyekopa pesa za mbegu.

Msomaji huenda akauliza: inakuwaje watu wenye elimu wasahau kufunga mlango? Jibu ni kwamba milango ni mingi. Kila hifadhi ya faili ina mipangilio yake ya nani aone na nani asione. Kila tarakilishi inayokodiwa ina mianya ya mawasiliano inayofunguliwa au kufungwa. Kila mfanyakazi ana ruhusa zake, na kila programu inayozungumza na nyingine ina ruhusa zake pia. Fundi anapotaka kujaribu jambo Ijumaa jioni, hufungua mlango ili kazi iende upesi, akinuia kuufunga Jumatatu. Jumatatu huja na shughuli zake. Amazon yenyewe ilitambua udhaifu huu wa kibinadamu, na mnamo Aprili 2023 ikaamua kwamba hifadhi zote mpya za faili zizaliwe zikiwa zimefungwa kwa umma. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini haikuzifunga zile zilizokuwa zimeachwa wazi hapo awali, wala haikugusa makosa ya aina nyingine.

Nyani haoni kundule. Ndiyo maana jicho la nje lina thamani. Huduma ya ukaguzi hupita katika akaunti na kuuliza maswali ambayo wenyeji wameyazoea hadi hawayaulizi tena. Je, kuna hifadhi ya faili inayosomeka na dunia nzima? Je, akaunti kuu, ile yenye uwezo wote, inalindwa kwa uthibitisho wa hatua mbili au kwa nywila peke yake? Je, kuna funguo za kale za mfanyakazi aliyeondoka zamani? Je, daftari la matukio, linaloandika nani kafanya nini na saa ngapi, limewashwa? Binadamu akiyauliza maswali haya katika akaunti yenye vitu elfu tano atachoka kabla ya adhuhuri. Programu haichoki, na kesho itayauliza upya.

Basi mkaguzi huyu huingiaje? Hapa nawaomba walimu na wanafunzi wa somo la tarakilishi wanifuatilie kwa makini, maana hapa ndipo usalama unapopatikana au kupotea.

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kumtengenezea mkaguzi ufunguo wa kudumu, yaani maneno marefu ya siri, kisha kumtumia ayahifadhi kwake. Ufunguo huo hufanya kazi leo, kesho, na mwaka ujao, mkononi mwa yeyote atakayeushika. Hatari yake si ya kubuni. Mnamo 2016, wadukuzi waliingia katika hifadhi ya misimbo ya wahandisi wa kampuni ya usafiri ya Uber, wakakuta humo ufunguo wa akaunti ya Amazon, na kwa ufunguo huo wakachukua habari za abiria na madereva milioni 57. Kampuni ililificha jambo hilo hadi Novemba 2017. Ufunguo wa kudumu ni kama ufunguo wa chuma: ukinakiliwa, mwenyewe hana habari.

Njia ya pili ni kumtengenezea mkaguzi wadhifa. Mwenye akaunti huandika hati inayosema: kampuni fulani ikija na kujitambulisha, ipewe kibali cha muda, na kwa kibali hicho ifanye mambo haya na haya tu. Kibali huisha chenyewe. Kwa kawaida ya Amazon hudumu saa moja, na hakiwezi kuzidi saa 12. Mwenye akaunti akichoka na mgeni wake, huufuta wadhifa na mlango hujifunga. Hakuna siri ya kudumu inayokaa katika kabati la mtu mwingine. Kwa maoni yangu, taasisi yoyote inayoombwa ufunguo wa kudumu ilhali njia ya wadhifa ipo, iseme hapana bila kuona haya.

Lakini hata wadhifa una mtego wake. Kampuni ya ukaguzi ina wateja maelfu, na kwa wote hujitambulisha kwa jina lilelile. Tuseme laghai mmoja naye amejiandikisha kuwa mteja. Anapoulizwa anwani ya wadhifa wake, anaandika anwani ya wadhifa wako. Kampuni, kwa nia safi kabisa, inabisha kwako, inafunguliwa kwa kuwa jina lake linajulikana, inakagua, kisha inampelekea laghai orodha ya udhaifu wako wote. Mtaalamu wa Marekani, Norm Hardy, aliueleza mtego wa namna hii mwaka wa 1988, akamfananisha mtumishi huyu mwaminifu na naibu aliyechanganyikiwa, asiyejua anamtumikia nani. Dawa yake ni nyepesi. Kampuni humpa kila mteja namba yake ya pekee, na mteja huiandika namba hiyo katika hati ya wadhifa. Anayebisha bila kuitaja namba hiyo hafunguliwi. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, na mstari huo mmoja ndio unaomtenga laghai na orodha ya udhaifu wako.

Jambo jingine linalowapumbaza wengi ni neno kusoma. Kampuni huwaambia wateja: tunaomba ruhusa ya kusoma tu, hatutabadilisha chochote. Mteja hupumua na kutia sahihi. Lakini kusoma nini? Katika akaunti za Amazon kuna ruhusa mbili zilizokwisha kuandaliwa ambazo majina yake yote hutuliza moyo. Moja, iitwayo SecurityAudit, humruhusu mkaguzi kuona mipangilio: mlango upo, umefungwa au haukufungwa. Nyingine, iitwayo ReadOnlyAccess, humruhusu kusoma mipangilio na pia yaliyomo ndani ya faili. Tofauti yao ni tofauti kati ya askari wa doria anayetikisa kitasa kuona kama kimefungwa, na mtu anayeingia chumbani, akaketi kitandani na kusoma barua zako. Wote wawili hawakuchukua kitu. Je, wote wawili ni sawa?

Zipo huduma zinazoomba zaidi ya hapo, kwa mfano ruhusa ya kunakili diski nzima ili kutafuta programu zenye kasoro au siri zilizosahaulika. Huenda zina sababu nzuri, na huenda mteja akaihitaji kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba hiyo ni imani ya daraja nyingine kabisa, na haifai kutolewa kwa kubonyeza kitufe. Kwa bahati mbaya, kitufe ndicho kinachotolewa. Makampuni mengi humpa mteja kiolezo kilichokamilika. Mteja hubonyeza mara moja, na katika dakika chache wadhifa umezaliwa pamoja na ruhusa ambazo hakuna aliyezisoma. Wepesi huo ndio sifa ya kwanza katika matangazo yao. Mimi naona ndio ungepaswa kuwa onyo la kwanza kwa mteja.

Wapo watakaosema kwamba nina shaka kupita kiasi, kwamba makampuni haya ni ya usalama na hayawezi kuwa hatari. Nawakumbusha yaliyotokea Agosti 2025. Wadukuzi waliiba vibali vya Drift, huduma ya kampuni ya Salesloft, ambayo mashirika mengi yalikuwa yameiunganisha na kumbukumbu zao za wateja zilizohifadhiwa katika Salesforce. Kwa vibali hivyo waliingia kwa wateja kupitia mlango waliofunguliwa wenyeji wenyewe walipomkaribisha Drift. Zaidi ya mashirika 700 yalihesabiwa kuwa huenda yaliguswa. Miongoni mwa yaliyokiri kuathiriwa ni Cloudflare, Zscaler na Palo Alto Networks, makampuni ambayo biashara yao ni usalama wenyewe. Isitoshe, wezi hao walizipekua kumbukumbu walizoziiba wakitafuta funguo za akaunti za wingu ili wasonge mbele zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Drift haikuwa huduma ya ukaguzi, lakini iliingia kama mkaguzi anavyoingia: kwa kibali cha mwenyeji.

Tufike sasa kwenye ripoti, maana hata mkaguzi akiingia kwa njia salama kabisa, kazi yake ni karatasi tu mpaka mtu aifanyie kazi. Hapa kisa cha benki ya Capital One ya Marekani ni somo kubwa. Machi 2019, mtu aliyewahi kufanya kazi Amazon alipenya katika programu ya kinga iliyokuwa imepangwa vibaya. Programu hiyo ilikuwa imepewa wadhifa wenye uwezo wa kusoma hifadhi za faili, uwezo mkubwa kuliko kazi yake. Habari za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Canada zikachukuliwa. Benki haikujua hadi Julai, mtu wa nje alipoiandikia baruapepe kuiarifu.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba Capital One haikuwa benki ya washamba. Wahandisi wake ndio waliounda Cloud Custodian, programu ya kusimamia na kukagua kanuni za wingu, wakaitoa bure kwa ulimwengu mwaka wa 2016. Benki iliyowafundisha wengine kukagua iliibiwa kwa kosa la mpangilio! Agosti 2020, afisi ya serikali ya Marekani inayosimamia benki za kitaifa iliitoza faini ya dola milioni 80. Katika uamuzi wake ilieleza mambo mawili ambayo ningependa yabandikwe katika kila chumba cha mikutano: kwamba wakaguzi wa ndani wa benki hawakuona udhaifu mwingi uliokuwepo, na kwamba katika baadhi ya mambo ambayo wakaguzi waliyaona na kuyaripoti, halmashauri ya wakurugenzi haikuchukua hatua za kuwawajibisha wasimamizi.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda Marekani ili aelewe maneno hayo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 229, inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akamilishe ripoti zake katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na inalipa Bunge au bunge la kaunti miezi mitatu kuzijadili na kuchukua hatua ifaayo. Ripoti huandikwa. Magazeti huzichapa. Kamati huwaita wakuu wa idara, wakuu huomba muda zaidi, na ripoti ya mwaka unaofuata hukuta ile iliyotangulia bado mezani. Hatujawahi kukosa wakaguzi nchini humu. Tumekosa watu ambao ripoti ikitajwa hawalali.

Ninachokihofia ni kwamba tutaihamishia tabia hiyo katika wingu. Huduma ya ukaguzi hupenda kuleta orodha ndefu, mamia ya kasoro, nyekundu, za manjano na za kijani. Siku ya kwanza kila mtu hushtuka. Wiki ya pili fundi huzoea rangi. Mwezi wa tatu barua za onyo hufika katika sanduku ambalo hakuna alifunguaye. Kisha data ikivuja, mkurugenzi husimama mbele ya wanahabari na kusema kwa fahari kwamba taasisi yake ilikuwa imejiunga na huduma ya ukaguzi. Kwangu mimi, kauli hiyo haimpunguzii lawama, inamwongezea. Asiyejua ana udhuru. Aliyeambiwa ufa upo akanyamaza ana udhuru gani?

Sheria yetu nayo haimpi mahali pa kujificha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtambua mdhibiti wa data, yaani anayeamua data ikusanywe kwa nini na itumiweje, na mchakataji, yaani anayeishughulikia kwa niaba yake. Chuo kinachowasajili wanafunzi ni mdhibiti. Kukodi wingu hakukivui cheo hicho, wala kumwita mkaguzi hakukivui. Data ya watu ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, mdhibiti anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kutegemea ipi ni ndogo. Wala asidhani mwalimu mkuu kwamba mkono huo hauifikii shule: Septemba 2023, shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha tu zilileta gharama hiyo, sembuse matokeo ya mitihani, vyeti vya kuzaliwa na fomu za hospitali za shule nzima?

Zaidi ya faini, kuna uchungu ambao hauna bei. Nywila ikiibwa hubadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi. Barua ya daktari inayosema mtoto ana ugonjwa gani, au taarifa ya mshauri wa shule kuhusu msichana aliyepata masaibu nyumbani, ikishasomwa haisomolewi. Mtoto huyo hakuulizwa kama anataka habari zake zipelekwe kwenye wingu. Alikuja shuleni kusoma, akajaza fomu aliyopewa na mwalimu aliyemwamini.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya umaskini. Husemwa kwamba shule na vyuo vidogo havina pesa za kulipia huduma hizi, wala wataalamu wa kusoma ripoti zake. Ni kweli kuhusu pesa, lakini si lazima kila ukaguzi ununuliwe. Zipo programu huria, kama Prowler, ambazo taasisi inaweza kuziendesha yenyewe ndani ya akaunti yake bila kumfungulia mgeni yeyote. Zipo pia orodha za mipangilio bora zinazotolewa na shirika la Center for Internet Security, ambazo mwalimu wa tarakilishi anaweza kuzipitia na wanafunzi wake. Kuhusu wataalamu, nasema hivi: taasisi isiyo na mtu hata mmoja wa kuisoma ripoti ya mlango haijawa tayari kuhamia jumba hilo. Iachane kwanza na wingu kwa zile kumbukumbu nyeti, hadi impate mtu huyo.

Kwa taasisi zilizokwisha kuamua kumwita mkaguzi, napendekeza mambo matano. Kwanza, zikatae ufunguo wa kudumu na zitoe wadhifa wenye kibali cha muda na namba ya pekee. Pili, zisome hati ya ruhusa mstari kwa mstari kabla ya kubonyeza kitufe, na ziondoe kila ruhusa ambayo kampuni haiwezi kuieleza kwa lugha nyepesi. Tatu, ziwashe daftari la matukio na kulihifadhi mahali salama, ili mkaguzi naye akaguliwe. Kumbukumbu ambazo Amazon huzionyesha pasi na mteja kuzipanga hukomea siku 90. Nne, kila kasoro iandikiwe jina la mtu na tarehe ya kuimaliza, na anayeongoza taasisi aisome orodha hiyo kila mwezi kama anavyosoma hesabu za karo. Tano, mkataba ukiisha, wadhifa ufutwe siku iyo hiyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na asiyelitaka jembe asindikizwe hadi langoni, kisha lango lifungwe.

Mambo haya hayahitaji shahada ya uzamifu. Yanahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana, na mkubwa wake mwenye ujasiri wa kumsikiliza. Kwa uchungu nasema kwamba katika afisi zetu nyingi fundi wa tarakilishi huitwa wakati kipaza sauti kimekataa kulia, wala haalikwi kwenye kikao ambamo mikataba hutiwa sahihi. Maadamu hali ni hiyo, hata mkaguzi bora duniani atakuwa anamwandikia barua mtu asiye na nguvu.

Nanyi wanafunzi, ninyi ndio mtakaoitwa kesho kuyafungua na kuyafunga malango haya. Mtafundishwa amri na vitufe, na vitufe vitabadilika kabla wino wa vyeti vyenu haujakauka. Shikeni swali moja ambalo halitabadilika: ufunguo huu ninaompa mtu, unafungua nini hasa, na ni nani atakayeumia ukianguka? Nanyi walimu wakuu na wakurugenzi, mnapotia sahihi ya kumkaribisha mkaguzi, tieni na ya pili papo hapo, inayomtaja kwa jina mtu atakayeziba nyufa zitakazoonekana. Asipopatikana wa kutajwa, basi jina hilo ni lako wewe unayetia sahihi.